rsync, csync2, Ansible au Puppet: kuchagua njia ya kusawazisha mafaili ya usanidi katika klasta ya seva

Seva sita zilizosanidiwa kwa mkono siku moja hufanana siku hiyo tu. Baada ya muda msimamizi mmoja huongeza mstari katika usanidi wa nginx (programu ya seva ya wavuti) kwenye seva ya tatu ili kumaliza tatizo la usiku ule, mwenzake huongeza muda wa kusubiri kwenye seva ya tano, na hakuna anayewaambia wengine. Mteja akihudumiwa na seva hii anapata jibu moja, akihudumiwa na ile anapata jingine, na kosa linakuwa gumu kulikamata kwa sababu hujitokeza mara moja kati ya sita. Anayetafuta njia ya kuzuia hali hiyo hukuta zana nyingi, na nne kati ya hizo ndizo zinazowagawa wasimamizi wengi: rsync, csync2, Ansible na Puppet.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue klasta moja ya mfano, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja: seva sita za nginx, mbele yake HAProxy mbili (programu ya kugawa maombi kati ya seva) zinazopokezana anwani moja kwa kutumia keepalived, programu inayoihamisha anwani hiyo moja ikianguka, na zote zinaendesha Debian. Klasta hii ndogo ina mafaili ya aina mbili. Yapo yanayopaswa kufanana herufi kwa herufi katika kila nodi, yaani kila seva ya klasta, na yapo kama keepalived.conf ambayo hayana budi kutofautiana, kwa kuwa nodi mbili zinazopokezana anwani hupewa vipaumbele tofauti.

NFS, mfumo wa kushirikiana mafaili kwenye mtandao, nimeiacha kwa makusudi. Kuweka usanidi wote katika diski moja ya mtandao huondoa tatizo la kutofautiana, lakini seva ya NFS ikianguka, nodi zote hukosa usanidi kwa pamoja, na klasta ilijengwa ili jambo la namna hiyo lisitokee.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima zana hizi kwa maswali sita. Mabadiliko yanaanzia wapi, na nini hutokea watu wawili wakibadilisha faili moja? Yanafika baada ya muda gani, na nodi iliyokuwa imezimwa inayapataje? Nani anahakiki faili kabla huduma haijalisoma? Tofauti halali kati ya nodi zinashughulikiwaje? Nani ana mamlaka ya kuandika kwenye nodi zote, na siri zinakaa wapi? Na mwisho, kuitunza zana yenyewe kunadai kazi kiasi gani? Swali la tatu ndilo nitakalolipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu zana zote nne zinajua kusafirisha faili, na zana inayosafirisha faili bovu kwa uaminifu itaangusha seva sita mahali ambapo ingeanguka moja.

Zana zenyewe kwa ufupi

rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Hulinganisha ukubwa wa faili na wakati lilipobadilishwa, kisha husafirisha vipande vilivyobadilika tu. Haijiendeshi yenyewe, kwa hiyo huwekwa kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) au kwenye taima ya systemd, au huamshwa na lsyncd, programu inayosikiliza taarifa za inotify kutoka kwenye kiini cha Linux. csync2 inatoka kwa LINBIT, kampuni ile ile ya DRBD (zana ya kunakili diski kati ya seva), na ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya klasta. Watumiaji wa SUSE wa klasta za upatikanaji wa juu huifahamu vizuri. Ansible ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012 na ikanunuliwa na Red Hat mwaka 2015; huingia kwenye nodi kwa SSH, njia salama ya kuingia mashine kutoka mbali, bila kuhitaji wakala, yaani programu inayoendeshwa muda wote kwenye nodi. Puppet, ya Luke Kanies, imekuwepo tangu 2005, na kila nodi huendesha wakala anayeuliza seva kuu hali yake inapaswa kuwa ipi.

Mabadiliko yanaanzia wapi

rsync ina upande mmoja. Ipo nodi au saraka ya asili, na zipo zinazopokea. Chochote kilichobadilishwa kwa upande wa wapokeaji hufutwa na nakala ya asili bila kuulizwa. Hapo lazima msimamizi aamue kuhusu `--delete`. Akiiacha, faili alilolifuta kwenye asili litabaki kwa wapokeaji, na kwa kuwa nginx ya Debian husoma kila faili la .conf lililomo kwenye saraka ya conf.d, tovuti aliyodhani ameiondoa itaendelea kuhudumiwa. Akiiweka, halafu siku moja diski yenye saraka ya asili ikashindwa kupachikwa, rsync itaikuta saraka tupu na kuzifanya nodi zote ziwe tupu vilevile. Chaguo la `--max-delete` lipo kwa ajili ya kupunguza hatari hiyo, na ni ajabu jinsi linavyotumiwa na watu wachache.

csync2 huruhusu mabadiliko yaanzie kwenye nodi yoyote. Kila nodi hutunza hifadhidata ndogo, kwa kawaida ya SQLite, inayokumbuka hali ya kila faili, na kwa sababu hiyo inajua tofauti kati ya faili lililofutwa na faili ambalo halijawahi kufika. Anayejaribu kuiga uwezo huu kwa rsync mbili zinazoelekezana ataona mafaili aliyoyafuta yakifufuka. Watu wawili wakibadilisha faili moja kwenye nodi mbili kabla ya usawazishaji, csync2 hutangaza mgongano na kulisimamisha faili hilo mpaka mtu aamue upande upi ushinde. Unaweza kuiambia iamue yenyewe, mathali kwa `auto younger`, ili nakala mpya zaidi ishinde. Kwa mafaili ya usanidi ningeshauri kutofanya hivyo, kwa kuwa mgongano unaosimama na kulalamika una nafuu kuliko kazi ya mtu inayopotea kimya kimya.

Kwa Ansible na Puppet, mabadiliko hayaanzii kwenye nodi hata moja. Maelezo ya hali inayotakiwa hukaa kando, na kwa desturi huwekwa kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko, hivyo kila mstari una jina la aliyeuandika, tarehe na sababu. Hata hivyo, faida hiyo ni ya Git zaidi kuliko ya zana hizi mbili. Saraka ya asili ya rsync inaweza nayo kuwa nakala ya hifadhi ya Git, na wanaotumia csync2 wanaweza kuweka etckeeper ili angalau historia ya /etc, saraka ya usanidi wa mfumo, ibaki.

Muda wa kufika, na nodi iliyozimwa

Cron haiwezi kuendesha kazi kwa kipindi kifupi kuliko dakika moja, jambo ambalo kwa usanidi linatosha kabisa. lsyncd hukusanya mabadiliko kwa hadi sekunde 15 kwa chaguo-msingi kisha huyatuma kwa pamoja. csync2 hufanya kazi inapoitwa, na mabadiliko yasiyoweza kufika kwenye nodi iliyozimwa hubaki yamewekewa alama kwenye hifadhidata mpaka nodi hiyo irudi.

Ansible kwa kawaida hutembea pale mtu anapoiamuru, ikishughulikia nodi 5 kwa wakati mmoja usipobadilisha idadi hiyo. Nodi isiyopatikana huripotiwa hivyo, nayo itabaki nyuma mpaka mtu arudie amri. Kwa mahali ambapo umeme au kiungo cha mtandao hukatika mara kwa mara, huu ni udhaifu wa kweli, ingawa upo mlango wa pili: `ansible-pull` huifanya kila nodi ijivutie maelezo kutoka Git na kujisanidi yenyewe kwa ratiba.

Wakala wa Puppet huuliza kila baada ya dakika 30 kwa chaguo-msingi. Nodi iliyozimwa tangu juzi, ikiwashwa leo, itauliza na kujipanga bila mtu kuigusa. Zaidi ya hapo, mabadiliko yaliyofanywa kwa mkono hurudishwa nyuma katika mzunguko unaofuata, jambo linalomfurahisha mkaguzi na kumkera mhandisi aliye katikati ya kutatua hitilafu. Kwa ajili yake ipo amri ya `puppet agent --disable`, inayokubali na ujumbe wa kueleza kwa nini wakala amesimamishwa.

Kuhakiki kabla huduma haijasoma

Faili kufika kwenye nodi hakumaanishi kwamba huduma imelisoma. nginx, HAProxy na sshd (huduma ya SSH) husoma usanidi zinapoanza au zinapoamriwa kuupakia upya. Kwa hiyo faili bovu linaweza kukaa kwenye seva zote sita kwa wiki kadhaa bila dalili yoyote, hadi usiku ambao umeme utakatika, seva zitawaka tena, na hakuna hata nginx moja itakayokubali kuanza. Njia yoyote ya usawazishaji isiyojibu swali hili ni nusu ya njia. Vyombo vya kuhakiki vipo tayari: `nginx -t`, `haproxy -c -f`, `sshd -t` na `visudo -cf`. Linalozitofautisha zana zetu ni mahali wanapoweza kuwekwa walinzi hawa.

rsync haijui lolote kuhusu yaliyomo ndani ya faili. Jambo jema ni kwamba huandika kwanza kwenye faili la muda kisha hulibadilisha jina, kwa hiyo huduma haitakuta faili lililoandikwa nusu, na kwa `--delay-updates` mafaili yote hubadilishwa kwa pamoja karibu na mwisho wa safari. Uhakiki na kupakia upya lazima viandikwe kwenye skripti, na skripti hiyo ndiyo itakayoamua kama njia yako ni salama. Busara ni kuhakiki kwenye asili kabla ya kutuma, kutuma kwa nodi moja, kuhakiki tena huko, kisha kuendelea na nyingine.

csync2 ina sehemu ya `action` ambamo unaeleza kwamba mafaili ya mpangilio fulani yakibadilika, amri fulani iendeshwe. Hapo huwekwa `nginx -t && systemctl reload nginx`. Lakini amri hiyo huendeshwa faili likiwa limeshafika; inazuia kupakia upya, haizuii faili bovu kukaa pale likisubiri umeme ukatike. csync2 inaweza pia kutunza vizazi kadhaa vya nakala za zamani, nami nisingeitumia bila kuwasha uwezo huo.

Ansible ina kigezo cha `validate` katika moduli zake za kunakili na za violezo: faili huandikwa pembeni, hupitishwa kwenye amri ya uhakiki, na likishindwa haliwekwi mahali pake. Kwa sudoers (faili la ruhusa za kutumia mamlaka ya msimamizi mkuu, root), sshd_config na haproxy.cfg mbinu hii ni nzuri mno. Kwa kipande cha nginx kinachokaa ndani ya conf.d haifai moja kwa moja, kwa kuwa kipande hicho peke yake si usanidi kamili, na hapo inabidi uhakiki uwe hatua ya pili. Ukiweka `serial: 1`, nodi hushughulikiwa moja baada ya nyingine, na ya kwanza ikishindwa kazi husimama zikiwa tano bado nzima. Huu ndio uwezo ninaouona mkubwa kuliko wote wa Ansible katika suala hili. Upo hata hivyo mtego: hatua za kupakia upya huduma husubiri mwisho wa mfululizo mzima wa kazi (play), na kazi ikifeli katikati huenda zisifanyike; ukirudia, Ansible itakuta faili tayari liko sawa, haitaona sababu ya kupakia upya, na huduma itaendelea na usanidi wa zamani. Chaguo la `--force-handlers` hupunguza tatizo hilo.

Puppet nayo ina `validate_cmd`, na uhusiano kati ya faili na huduma hutamkwa wazi kwa `notify`. Kinachokosekana ni mpangilio wa nani atangulie, kwa sababu kila wakala hufuata saa yake. Faili lililopita uhakiki wa sarufi lakini lenye kosa la maana, mathali anwani ya seva isiyo sahihi, litaenea klasta nzima ndani ya nusu saa bila kusimamishwa. Wenye uzoefu huitenga nodi moja katika mazingira ya majaribio na kuiacha itangulie.

Mafaili yasiyopaswa kufanana

rsync na csync2 hubeba faili kama lilivyo. Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote kwa wanaozitumia ni kusawazisha /etc nzima, wakibeba hostname, machine-id, fstab, usanidi wa kadi za mtandao na funguo za seva za SSH. Orodhesha saraka unazozitaka badala ya kuorodhesha usizozitaka. Kwa keepalived.conf suluhisho ni kuweka sehemu ya pamoja katika faili moja linaloliita jingine la nodi husika, ambalo halisawazishwi. Njia hiyo hutosha mpaka tofauti zinapokuwa nyingi. Ansible, kwa violezo vya Jinja2 na maelezo ya kila nodi, na Puppet, kwa Hiera (hifadhi yake ya thamani za kila nodi) na taarifa ambazo wakala hukusanya kuhusu mashine yake, zilijengwa kwa kazi hii hasa, na hapa haziachani sana.

Siri na mamlaka

Mashine ya asili ya rsync inayosukuma kama root ina ufunguo wa nodi zote. `rrsync` husaidia kuubana ufunguo huo uishie kwenye saraka moja. Tahadhari moja: rsync ikiendeshwa kama huduma ya kudumu kwenye poti 873 haisimbi data, kwa hiyo ipitishe ndani ya SSH. csync2 hutumia ufunguo mmoja unaoshirikiwa pamoja na TLS kwenye poti 30865, na uwezo wake wa kupokea mabadiliko kutoka popote una gharama: mvamizi aliyeingia kwenye nodi moja anaweza kuandika kwenye zote. Ansible huweka mamlaka yote kwenye mashine ya udhibiti, ambayo mara nyingi ni kompyuta ya mkononi ya mtu, na siri husimbwa kwa ansible-vault kabla ya kuingia Git. Puppet hutoa cheti kwa kila nodi, na nodi iliyovamiwa haiwezi kuandikia nyingine. Mvamizi atailenga seva kuu.

Kazi ya kuitunza

rsync huanza kufanya kazi siku hiyo hiyo, na baada ya mwaka skripti yake huwa ndefu kuliko alivyotarajia aliyeiandika. csync2 ni faili moja la usanidi, ila miongozo yake ni michache na unapokwama utasoma sana kabla ya kupata jibu. Ansible inahitaji Python kwenye nodi na subira ya kujifunza mpangilio wa YAML, na hupungua kasi nodi zinapofika mamia. Puppet ndiyo nzito: ina lugha yake, vyeti vyake, na seva inayoendeshwa juu ya Java ambayo kwa chaguo-msingi hutengewa gigabaiti 2 za kumbukumbu. Isitoshe, baada ya Perforce kuinunua mwaka 2022 na baadaye kubadilisha utaratibu wa kutoa vifurushi, jumuiya ya Vox Pupuli ilianzisha tawi huru linaloitwa OpenVox. Anayeanza leo aamue kwanza atafuata tawi lipi.

Kuchagua kwa hali

Mwenye nodi mbili au tatu zinazofanana, na msimamizi mmoja, anahudumiwa vyema na rsync kupitia SSH, mradi skripti yake ihakiki kabla ya kupakia upya. Kwa jozi ya HAProxy ambayo msimamizi wa zamu hulazimika kubadilisha upande wowote ulio hai, csync2 ndiyo inayojua mazingira hayo, nami ningeiwekea mafaili ya huduma tu, si sudoers wala chochote kinachohusu ruhusa za kuingia.

Timu ya watu kadhaa, yenye seva za majukumu tofauti na mabadiliko machache kwa wiki, itaona faida ya Ansible mapema, hasa kwa uwezo wa kwenda nodi moja moja. Taasisi yenye nodi nyingi, wakaguzi wanaodai uthibitisho, na hitaji la kurekebisha mabadiliko ya mkono bila mtu kuwapo, itavumilia uzito wa Puppet au OpenVox kwa sababu inapata inachokilipia. Kama nodi hukatika mara kwa mara au ziko nyuma ya mitandao isiyoruhusu kuingia kutoka nje, chagua njia ya kuvuta, yaani Puppet au ansible-pull.

Zipo hali mbili ambazo hakuna hata moja kati ya hizi nne inayofaa. Ya kwanza ni usanidi unaobadilika kila baada ya sekunde chache, kama orodha ya seva zilizo hai nyuma ya HAProxy. Huo ni wa etcd au Consul, hifadhi za data zinazoshirikiwa na nodi kadhaa, ukikumbuka kwamba etcd ya nodi 3 huvumilia kupotea kwa moja, ya nodi 5 huvumilia mbili, na ya nodi 2 haivumilii hata moja. Ya pili ni klasta ya Proxmox (jukwaa la mashine pepe), ambayo saraka yake ya /etc/pve husawazishwa na mfumo wenyewe juu ya Corosync, programu ya mawasiliano ya klasta. Usiiwekee zana nyingine juu yake.

Kuchanganya kunawezekana, kwa mfano Ansible kusimamia kila kitu na csync2 kubaki na jozi ya HAProxy pekee, ilimradi kila faili lisimamiwe na zana moja; la sivyo, moja itakuwa inaandika na nyingine inafuta. Na zana yoyote utakayoichagua, mara ya kwanza iendeshe dhidi ya nodi zilizo hai bila kuiruhusu iandike: `rsync -nic`, `ansible-playbook --check --diff`, au `puppet agent --test --noop`. Kwa csync2 tumia `csync2 -TT`, inayoonyesha tofauti za mistari kati ya nodi. Orodha itakayotoka ndiyo mabadiliko ya mkono yaliyorundikana kwa miaka, na kila mstari wake unahitaji mtu aseme kama ulikuwa kosa au ulikuwa dawa ya tatizo lililosahaulika, kabla zana haijaufuta.